Mtoto Aliyekataa Kurudi Ngomani

Somo la kujifunza nyumbani na katika vikundi

Soma kwanza: 2 Samweli 6:12-23, Marko 5:35-43, Marko 6:17-29, Luka 7:31-35, Mathayo 18:10-17.



Wahenga walisema kwamba ngoma ya watoto haikeshi. Maana yao ni kuwa mambo ya watoto ni ya muda mfupi: watagombana asubuhi, na kabla jua halijatua watakuwa wanacheza pamoja tena. Hayo ni kweli kwa watoto. Lakini sisi wakubwa tukijiingiza katika ngoma hiyo, ugomvi wake waweza kukesha, tena si usiku mmoja bali miaka mingi. Katika somo hili tutajifunza juu ya ugomvi wa namna hiyo, kati ya mzazi na mwalimu wa ngoma, na mtoto mdogo akiwa katikati yao.

1. Mfano wetu

Tuchukue mfano. Mama mmoja ana binti wa miaka 5. Katika mtaa wao yuko kijana anayewafundisha watoto kucheza ngoma kila Jumamosi mchana, ili wacheze siku ya sikukuu ya mavuno na siku ya mahafali ya shule ya awali. Wazazi hutoa ada kidogo, na fedha ya kitenge cha sare. Jumamosi ya kwanza na ya pili mtoto anarudi nyumbani akirukaruka na kuwaonyesha wadogo zake hatua alizojifunza. Jumamosi ya tatu anarudi analia. Asema, "Mama, sitaki kwenda tena," na hasemi zaidi.

Mama anaulizauliza kwa watoto wa jirani. Anaambiwa kwamba binti alikosea hatua mara mbili, mwalimu akasimamisha ngoma, akamtoa mstarini na kumsimamisha ukutani peke yake mpaka mwisho, nao wenzake wakamcheka. Tena mama mwenyewe hakuweza kuyaona hayo, kwa sababu wazazi hawaruhusiwi kukaa ndani wakati wa mafunzo. Mwalimu husema kwamba watoto wakiwaona mama zao hawashiki kitu.

Jumapili, mara baada ya ibada, mama anamkabili mwalimu mlangoni mwa kanisa, mbele ya watu, mtoto akiwa amemshika mkono. Anadai ada yake yote. Mwalimu naye anajibu kwamba mtoto amedekezwa. Kufika jioni nusu ya kwaya iko upande wa mama, na nusu upande wa mwalimu. Jumapili inayofuata mama haendi kwenye Meza ya Bwana, na mwalimu haji kanisani kabisa. Na katika siku zote hizo nane, hakuna mtu mzima aliyeketi na yule mtoto akamwuliza, "Mwanangu, ilikuwaje?"

Je, ni nani mwenye haki? Tusiharakishe kujibu. Kwanza tuangalie mambo matatu: desturi yetu ya ngoma, Neno la Mungu, na mtoto mwenyewe.

2. Ngoma katika njia yetu

Sisi wa Tabora tumezaliwa njiani. Zamani misafara ilipita hapa kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji, nao wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Burton na Speke walipofika hapa Novemba 1857, mahali pakiitwa Kaze, walikuta kazi hii imekwisha kuwa desturi ya watu. Msafara ulitanguliwa na kirangozi, na ngoma ilipigwa mbele. Walipokaribia mji wapagazi walivaa nguo zao nzuri na kuingia kwa shangwe na nyimbo. Usiku kambini, ingawa miguu ilikuwa imechoka, walicheza. Kwa hiyo ngoma kwetu haikuwa mchezo tu. Ilikuwa chombo cha kuwaunganisha watu katika kazi ngumu.

Tena katika misafara hiyo walikuwamo wanawake na watoto. Mpagazi mzima alibeba kama frasila mbili hivi, yaani zaidi ya kilo 30. Mvulana mdogo aliyefuatana na baba yake hakupewa mzigo huo. Alipewa mkeka, au chungu, au kitu kingine kidogo kadiri ya nguvu zake, naye akajifunza njia kwa kuitembea pamoja na wakubwa. Hili ni fundisho la wazee wetu ambalo tutalirudia: mzigo hupimwa kwa mabega ya mbebaji.

Lakini tusisahau kwamba njia ile ile ilipitiwa na watoto waliouzwa utumwani. Hao walipelekwa bila kuulizwa, na kilio chao hakikusikilizwa na mtu. Hatusemi kwamba kosa la mwalimu wa ngoma lalingana na uovu ule. Twasema tu kwamba watu tunaoishi kando ya njia hii yatupasa kuwa wepesi wa kusikia mtoto anapolia.

Baadaye ngoma zenyewe zilileta mabishano. Vilikuwapo vyama vya ngoma kama Waswezi, vilivyohusika na mizimu na uganga, na wazazi Wakristo walikuwa na sababu ya kuwazuia watoto wao. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, na hasa baada ya vita ya 1914-1918, ilienea ngoma ya Beni iliyotoka pwani, yenye sare, vyeo na mashindano ya Marini na Arinoti. Wamisionari wengi waliogopa ngoma kwa jumla, kwa ajili ya pombe, usiku, matusi ya mashindano na mambo ya mizimu. Wengine hawakukataa yote. Huko Masasi, Askofu Vincent Lucas wa kanisa letu la Kianglikana alijaribu kuyapima mambo ya jando, kuyaacha yasiyofaa na kuyatia mengine katika maisha ya Kikristo.

Ndipo ikaja Desemba 1962. Mwalimu Nyerere, aliyesoma hapa Tabora na kufundisha hapa kabla ya kwenda Edinburgh mwaka 1949, alilalamika katika hotuba yake ya Jamhuri kwamba wasomi walifundishwa kucheza dansi za kigeni na kuzidharau ngoma za kwao, na akaunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Mwaka 1981 kilianzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho leo kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni. Basi ngoma imepata heshima. Imekuwa somo, yenye mwalimu, saa na ada.

Hapo pana badiliko ambalo wengi hatujalitambua. Zamani mtoto alijifunza ngoma akiwa mgongoni mwa mama yake, kisha pembezoni mwa uwanja, akiiga anayoyaweza. Akikosea hakuna aliyemtoa. Leo anapangwa mstarini, na siku ya mahafali kila simu inamwelekea. Kosa lake limekuwa aibu ya mtu mzima. Ndiyo sababu watu wazima wanakasirika.

3. Neno la Mungu

Biblia haikatai kucheza. Miriamu alicheza na matari baada ya kuvuka Bahari ya Shamu (Kutoka 15:20), na Zaburi 149 na 150 zinawaita watu wamsifu Mungu kwa kucheza. Lakini watu walicheza pia mbele ya ndama (Kutoka 32:19). Basi si kucheza kunakopimwa, bali ni kwa ajili ya nani na kwa roho gani.

Tuangalie kwanza Daudi na Mikali. Daudi alicheza mbele za Bwana, Mikali akamchungulia dirishani na kumdharau. Wahubiri wengi humlaumu Mikali na kuishia hapo. Lakini soma pia 2 Samweli 3:13-16. Mikali alikuwa ameondolewa kwa mume wake Paltieli, ambaye alimfuata nyuma akilia njia nzima. Mwanamke huyu alikuwa na jeraha la zamani ambalo hakuna aliyemwuliza. Ngoma ilikuwa mahali pa kulipukia tu. Hivyo tunapoona ugomvi mkubwa juu ya ngoma ndogo, yatupasa kuuliza: chini yake kuna nini? Pengine mama alikwisha kudharauliwa mara nyingi kwa umaskini wake. Pengine mwalimu hufanya kazi bila shukrani, na ada nusu hailipwi.

Sasa soma Marko sura ya 5 na ya 6 kwa pamoja. Katika sura ya 5 yuko binti wa Yairo, mwenye miaka 12. Katika sura ya 6 yuko binti wa Herodia, aliyecheza katika karamu ya Herode. Katika Kiyunani, lugha iliyoandikiwa Injili, Marko amewaita wote wawili kwa neno lile lile, maana yake msichana mdogo. Amewaweka karibu, nasi twaweza kuwalinganisha.

Binti wa Herodia alicheza vizuri, na kila mtu alifurahi. Hakuna aliyemtoa mstarini! Lakini furaha ile haikuwa kwa ajili yake. Mfalme alitaka kujionyesha mbele ya wakubwa wake, na mama alitaka kulipiza kisasi. Msichana alirudi kwa mama yake kuuliza aombe nini, na akarudishwa na ombi la kichwa cha mtu. Huyu ni mtoto aliyetumiwa na wakubwa kwa haja zao.

Kwa binti wa Yairo mambo ni kinyume. Watu walikuwapo wengi, wakipiga kelele na kucheka. Yesu aliwatoa nje. Lakini tazama aliobaki nao: wanafunzi wake watatu, na baba na mama wa mtoto. Hakuwafungia wazazi mlango. Alimshika mtoto mkono, akamwinua, kisha akaagiza apewe chakula. Aliyekuwa na uwezo wa kufufua hakuona kuwa ni jambo dogo kukumbuka njaa ya msichana.

Basi hapa pana kipimo kwa kila anayewafundisha watoto, awe wa ngoma, wa kwaya au wa Shule ya Jumapili. Wakicheka watu, je, unawatoa wanaocheka au unamtoa mtoto? Na mzazi, je, yuko ndani au nje?

Tena katika Luka 7:31-35 Bwana Yesu anataja watoto wanaokaa sokoni, wakiwalalamikia wenzao kwamba walipiga filimbi nao hawakucheza. Anatumia mfano huo kuwaonya watu wazima wasioridhika na lolote. Lakini twajifunza pia kwamba Bwana alikuwa amewatazama watoto wakicheza, na alijua kwamba tangu zamani wapo watoto wasiotaka kucheza wanapoitwa.

4. Mtoto wa miaka 5 aweza nini?

Wataalamu waliochunguza watoto wameona kwamba mtoto wa miaka 4 au 5 bado hawezi kufuatana vizuri na mapigo. Mapigo yake mwenyewe huwa ya haraka kuliko ya mtu mzima, na ukimpunguzia mwendo sana hupotea. Uwezo huu hukua pamoja na umri. Wameona pia kwamba watoto wadogo hushika mapigo vizuri zaidi wakipiga pamoja na mtu wanayemwona kuliko wakifuata mashine.

Maana yake ni nini kwetu? Kwanza, binti aliyekosea hatua mara mbili hakuwa mtundu. Alikuwa na miaka 5. Pili, dawa yake ilikuwa kumsogeza karibu na mwalimu, acheze akimtazama, wala si kumsimamisha ukutani. Mwalimu alimtwika frasila mbili mtoto wa kubeba mkeka.

Sheria za nchi nazo zamtambua mtoto. Tanzania iliridhia mwaka 1991 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao unataja haki ya mtoto ya kucheza na kushiriki sanaa, na haki ya kusikilizwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni yake, na inakataza kumtendea kwa namna ya kumdhalilisha. Mtu asiseme, "Huyu ni mdogo, hana la kusema." Alikwisha kusema: alisema hataki kurudi.

5. Yatupasa kufanyaje?

Mzazi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wala hatumlaumu mama kwa kuuliza. Angenyamaza, angekosa wajibu wake. Lakini aanze na mtoto. Asimhoji kama polisi. Akae naye wakipepeta mchele au wakichambua mboga, amwache aeleze kwa maneno yake. Kisha amwendee mwalimu faraghani, kama Bwana alivyoagiza katika Mathayo 18:15. Aanze kwa swali kabla ya shtaka: "Mwalimu, habari ya mwanangu Jumamosi, ilikuwaje?" Maneno ya watoto wa jirani ni mwanzo wa kuuliza, si mwisho wa hukumu. Tena asigombane mbele ya mtoto, kwa maana mtoto huyo ataona kwamba machozi yake ndiyo yaliyopasua kanisa, naye safari nyingine hatasema tena.

Mwalimu. Kufundisha watoto thelathini katika jua la Tabora si kazi ndogo, na utaratibu ni lazima. Lakini utaratibu na aibu ni vitu viwili. Mtume aliwaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao, wasije wakakata tamaa (Wakolosai 3:21), na onyo hilo lamhusu kila aliyekabidhiwa mtoto wa mwenzake. Mzazi akitaka kukaa na kutazama, apewe kigoda. Nyimbo na hatua ziwe za kitoto, si za mambo ya watu wazima zinazowafanya wageni wacheke na kurekodi. Na mzazi akiuliza, mwalimu asianze kwa kusema mtoto amedekezwa. Aanze kwa kusema, "Pole, mama, nieleze."

Kanisa. Wazee wa kanisa na viongozi wa akina mama wasisubiri watu wachague upande. Kama wawili wameshindwa kupatana, waende mashahidi mmoja au wawili (Mathayo 18:16). Kitabu chetu cha Sala cha zamani kinamwagiza kasisi asiwapokee mezani watu anaoona wamefungwa na uadui, mpaka wapatanishwe, na kama mmoja yuko tayari kusamehe na mwingine anakataa, yule aliye tayari asizuiwe. Si ukali huo. Ni kuonyesha kwamba ugomvi wa uani wafika mpaka altareni. Wasimamizi wa ubatizo nao wakumbuke ahadi zao. Pengine msimamizi ndiye mtu anayefaa kabisa kuketi na mtoto na kumwuliza.

6. Jambo lisilomalizwa pembeni

Hapa tusieleweke vibaya. Agizo la kwenda faraghani ni kwa ajili ya kosa la ndugu na ndugu. Kama mtoto amepigwa akaumizwa, au ameguswa mwili wake vibaya, au ameambiwa asimwambie mama yake jambo fulani, hilo si la kusuluhishwa kwa chai nyumbani kwa mzee wa kanisa. Lipelekwe kwa afisa ustawi wa jamii, au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au kwa simu ya huduma kwa mtoto, namba 116. Katika Mathayo 18, kabla ya kufundisha juu ya upatanisho, Bwana alikwisha kuonya vikali juu ya mtu amkosesheaye mmoja wa wadogo. Anayelificha jambo la namna hiyo ili kulinda jina la kanisa amesoma sura hiyo kutoka katikati.

7. Turudi kwa mfano wetu

Basi nani mwenye haki? Twasema hivi. Mama alikuwa na haki ya kuuliza na haki ya kuona, lakini alikosea mahali na namna. Mwalimu alikuwa na haki ya kudai utaratibu, lakini alikosea kumwaibisha mtoto, tena alikosea kufunga mlango, na kosa hili la pili ndilo kubwa zaidi, kwa sababu lililizaa shaka. Ada ya Jumamosi zilizobaki irudishwe bila maneno. Fedha ndogo isinunue uadui mkubwa.

Na mtoto je? Asirudishwe kwa nguvu ili mama aonekane si mdekezaji. Wala asizuiwe kwa nguvu ili mwalimu akomeshwe. Mwalimu na aje nyumbani, ainame afikie kimo cha mtoto, amwombe radhi kwa maneno ambayo mtoto wa miaka 5 ayaelewa. Kisha mtoto aulizwe. Akisema atarudi, arudi, mama akiwa ameketi kwenye kigoda. Akisema hatarudi, aachwe. Sikukuu ya mavuno itakuwapo mwaka ujao pia, na mtoto anayepiga makofi pembeni pamoja na bibi yake naye yuko ngomani.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika mtaa wetu, wazazi wana nafasi ya kuketi na kutazama watoto wao wanapofundishwa? Kama hakuna, ni nani aweke utaratibu huo?
2. Soma 2 Samweli 3:13-16 na 6:16-23. Je, umewahi kuona ugomvi mdogo uliobeba jeraha la zamani? Ungemwuliza nini Mikali?
3. Tunapowapanga watoto kucheza mbele ya wageni, ni furaha ya nani tunayoitafuta?
4. Mtoto wako akikwambia leo, "Sitaki kwenda tena," neno lako la kwanza litakuwa nini?

Tuombe

Ee Bwana, uliyemshika mkono binti wa Yairo mbele ya baba yake na mama yake, utupe masikio ya kuwasikia wadogo, na ulimi wa upole kwa wenzetu wanaotusaidia kuwalea. Utupatanishe kabla hatujaikaribia Meza yako. Amina.